Uwanja Usipoe

Ukitaka kuwagombanisha watu wa Tlawi, wewe taja tu harusi ya Konsolata. Wataweka vibuyu chini waanze kunyoosheana vidole, hawa wakisema dada mtu alifanya ukatili usiosemeka, wale wakisema alifanya jambo ambalo hakuna mwingine pale angeliweza. Na wote hao walikula nyama siku ile, wakacheza mpaka viatu vikawaumiza. Hakuna aliyelazimishwa kwa fimbo.

Ilikuwa ile miaka mashamba ya ngano ya serikali yamepamba moto kule Hanang. Sukari ilikuwa ya mgao, sabuni ya kubahatisha, lakini vijana wa ngano walivaa viatu vya ngozi na kurudi kwao na unga mweupe. Kila mama mwenye binti aliwatupia jicho. Konsolata, binti wa pili wa mzee Margwe, alimpata mmoja wao: Nicodemo wa Getanuwas, dereva wa kombaini, kijana mpole ambaye ukimsalimia anajibu halafu anamaliza maneno. Padri aliwafungisha ndoa asubuhi, na mchana watu wakajaa uwanjani kwa Margwe kuicheza harusi.

Mwenye nyumba mwenyewe hakuwepo. Kifua kilikuwa kimemlaza hospitali wiki kadhaa, ila habari zilizofika nyumbani ni kwamba anapata nafuu, anakunywa uji, anauliza habari za ng'ombe. Alikuwa ametuma neno kwamba harusi isisubiri, na mdogo wake Akonaay asimame badala yake. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mkewe, Bernadina, alikuwa amevaa kitenge kipya, ingawa alikaa zaidi kuliko kusimama.

Margwe alikuwa amekufa alfajiri ya siku hiyohiyo.

Aliyekuwa naye ni Ludovika, mtoto wake wa kwanza, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kuolewa na ndiye aliyebeba zamu nyingi za kumwuguza. Mzee hakuaga. Alivuta pumzi moja ndefu, ya pili haikuja, basi. Ludovika alimfumba macho kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwa, akawaachia manesi mwili na kutoka nje. Alipanda lori la mizigo mpaka njia panda, kutoka pale akatembea. Njia nzima alilia kwa sauti, maana hakukuwa na mtu wa kumsikia, na alikuwa anajua la kufanya: afike, aseme, kila kitu kisimame.

Alipofika juu ya kilima kinachotazama kwao, akasikia spika. Wafanyakazi wenzake Nicodemo walikuwa wamekuja na redio kaseti na betri ya trekta, na spika la mdomo mpana wamelifunga kwenye mti wa uani. Akaliona lori la shamba, akaona wanawake wamejipanga, akaona gauni jeupe. Akakaa kwenye jiwe.

Maana Konsolata alikuwa na mimba. Miezi mitatu, na walioambiwa ni Nicodemo na Ludovika peke yao.

Sasa mtu wa mjini atauliza, kuna shida gani, si wameshafunga ndoa? Kwa Padri, ndiyo. Kwa wazee, binti ni wa baba yake mpaka atoke uwanjani kwa baraka ya wazee, na hatolewi kwenye uwanja uliopoa. Watu wawe wanacheza, wageni waseme wenyewe wametosheka. Na kifo kikitangazwa, nyumba inaingia metimani. Ndiyo kutengwa kwetu: watu wa nyumba ya marehemu hawatoki, hawaingiliwi, hawashikani mikono na mtu, ng'ombe wao wananyweshwa peke yao, mpaka wazee waseme imetosha, na hiyo ni miezi. Konsolata angebaki humo ndani. Tumbo lingetoka humo ndani. Na binti kuzalia kwa baba yake, hilo wazee wa wakati ule hawakulivumilia hata wakiwa na rozari shingoni. Shangazi yao Kornelia aliwahi kufukuzwa kwa jambo hilo, akajifungulia porini ng'ambo ya bonde. Mtoto hakuishi. Ludovika alikuwa mdogo wakati huo, lakini ndiye aliyetumwa kupeleka chakula na kukiacha mbali, na alichokiona kule hakikumtoka.

Alikaa pale juu ya jiwe akamwomba Mungu amwambie la kufanya. Mungu hakumwambia kitu. Basi akajifuta uso kwa upindo wa gauni, akapiga vigelegele kwa nguvu zake zote, akashuka.

Jambo la kwanza lilikuwa mikono. Mikono iliyomfumba marehemu macho haishiki mtu mpaka itakaswe, na wa mwisho kabisa kuishika ni mwanamke mwenye mimba. Ludovika alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, na Padri alishawahubiria mara ngapi kwamba mambo haya ni giza. Lakini ngoja umfumbe baba yako macho, halafu uone mahubiri yatakuwa umbali gani. Hakuthubutu. Kwa hiyo alipoona mdogo wake anakuja mbio, gauni amelikusanya kwa mikono yote miwili, "Dada! Dada umekuja!", Ludovika alimpokonya mwanamke wa karibu ngoma, akaitundika shingoni na kuanza kuipiga palepale. Mwenye ngoma hasalimiwi kwa mkono. Konsolata akasimama hatua mbili mbele yake, mikono imebaki hewani.

"Baba je?" akauliza.

"Nenda ukakae na mumeo," Ludovika akasema. "Bibi harusi gani anakimbia kama anachunga mbuzi? Nenda!"

Watu wakacheka. Konsolata naye akacheka kidogo, akarudi kwenye kiti chake.

Ludovika alikwenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo, Akonaay, ngoma ikiwa tumboni, akapiga goti. "Shikamoo baba. Kwa nini tusiwape baraka sasa hivi waondoke? Wana safari ndefu, na barabara ya kushuka unaijua."

"Marahaba mwanangu. Haraka ya nini?" Akonaay alikuwa ameshakunywa, anapendeza. "Wazee wa ng'ambo hawajafika. Baraka inatolewa na nusu ya wazee? Unataka baba yako akirudi anitukane?"

"Hapana, baba."

"Basi wachezeshe watu. Uwanja usipoe."

Hapo ndipo ulipo mzigo wenyewe. Wazee wa ng'ambo wanakuja kwa miguu yao ya kizee, hakuna anayejua watafika saa ngapi. Watu wa Getanuwas lori lao si lao, ni la shamba, ngano iko wima inasubiri, na bwana mkubwa wao ameshasema lirudi kabla ya giza. Wageni wakichoka watapanda lori na kwenda, watasema tutakuja kumchukua siku nyingine. Na siku nyingine haikuwepo. Aliyeijua habari hiyo pale uwanjani ni mtu mmoja tu, na ana ngoma shingoni.

Basi akawachezesha. Jamani, aliwachezesha! Kaseti ilipopiga bendi aliipigia ngoma juu yake. Akapita mstari kwa mstari akiwaita watu kwa koo zao na kuwachokoza. Alipoona vijana wa ngano wamekaa kwenye kivuli cha lori wanavuta sigara, akawafuata na kundi la wanawake nyuma yake, akaanzisha wimbo wake mwenyewe:

*Wa Getanuwas wamekuja na lori,*
*magoti wameyaacha nyumbani!*

Nani angekaa? Waliinuka wakitukana kwa mzaha, sigara zikazimwa, wakajibu kwamba Tlawi wanacheza kama wanapukuta viroboto. Mashindano yakaanza. Wazee wa kike wakaingia, vumbi likapanda, na mwanamke mmoja akaita, "Ludovika, leo una nini? Umekula nini huko hospitali?" Ludovika akacheka. Aliusikia mcheko wake mwenyewe akashangaa kwamba bado unatoka. Ndani alikuwa anamwona baba yake na kitambaa chini ya kidevu, na kila alipofumba macho kidogo alimwona tena, kwa hiyo akaacha kuyafumba.

Hakula. Walimletea sahani ya nyama akasema meno yanamuuma. Walimletea maji kwenye kikombe akasema weka pale, na hakukigusa.

Jua lilipoanza kuegemea, betri ikaisha. Sauti ya mwimbaji kwenye spika ikazidi kuwa nzito, ikaburuta, ikakata. Fundi Bura, rafiki wa bwana harusi aliyeshika redio, akagonga, akalamba nyaya, akainua mikono. Na kwa bahati mbaya Ludovika alikuwa ameshusha ngoma ili apumue. Uwanja ukawa kimya. Ukasikia ndama zizini.

Ndani ya kimya kile Akonaay akasimama, akakohoa. "Sawa, maana spika limetupa nafasi. Ludovika, mwanangu, umetoka kwa kaka yangu, na mpaka sasa hujatuambia. Umemwachaje?"

Watu wote wakageuka. Bernadina, mama yao, akainuka nusu kwenye stuli yake. Mwanamke huyu alikuwa amekaa mchana mzima akipiga makofi kwa adabu, anatabasamu anapotazamwa na kuacha asipotazamwa. Sasa alimtazama binti yake usoni, na Ludovika akaona kwamba mama anamsoma. Sekunde moja zaidi angesoma yote.

"Baba amesema," Ludovika akaanza, halafu akaanza upya kwa sauti kubwa zaidi. "Baba amesema ana neno moja tu. Amesema mke wangu asiniaibishe. Amesema, mimi siwezi kusimama, basi Bernadina acheze badala yangu. Acheze mpaka mwanangu atoke uwanjani!"

Kelele zilizopigwa hapo, loo! Wanaume walirusha kofia. Na Bernadina, ambaye alikuwa hajacheza tangu mumewe aanze kukohoa, aliweka kiganja mdomoni, macho yakajaa maji, akacheka. "Mzee huyu," akasema. "Mzee huyu, jamani, hata kitandani ananiamrisha." Akavua viatu. Akafunga kitenge vizuri kiunoni. Akaingia katikati.

Ludovika akapiga ngoma. Afanye nini? Akapiga, na mama yake akacheza mbele yake, mwanamke mzito lakini mwepesi wa mabega, kama alivyosifiwa usichana wake. Alicheza akiita jina la mumewe. "Margwe! Unaniona, Margwe?" Wanawake wakamzunguka, na Konsolata akaacha kiti chake akaja kucheza na mama yake, na Nicodemo mpole akasukumwa ndani naye akacheza vibaya hivyohivyo. Hakuna aliyekumbuka lori wala giza. Uwanja haukuwahi kuwa na moto kama ule. Na yule mpiga ngoma alikuwa anajiambia moyoni, nimefanya nini, Mungu wangu, nimefanya nini. Machozi yalimtoka waziwazi, wakadhani ni jasho na furaha.

Ndipo akamwona Sulle anapanda njia na baiskeli.

Sulle alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima na wa sheria, mwenye duka karibu na hospitali. Nyuma ya baiskeli yake kulikuwa na blanketi la kijivu lililokunjwa vizuri. Ludovika alilijua, jana usiku alikuwa amemfunika nalo baba yake. Wamemtuma, akawaza, manesi wamempa vitu vya marehemu alete, na analeta na habari.

Hakusimamisha ngoma. Aligeuza mstari wote, akauongoza utoke uwanjani, ushuke njiani, wanawake wakifuata bila kujua wanafuata nini, mpaka wakamzunguka yule mzee na baiskeli yake katikati ya makelele. Sulle alikuwa amefungua mdomo na hakuna aliyesikia kilichotoka. Ludovika akamkaribia mpaka hatua moja, akainama kama anayempa heshima ya kucheza.

"Shikamoo baba. Nakuomba. Usiseme."

Sulle akamtazama kama mtu aliyepigwa. "Binti, baba yako yuko kule baridi, na ninyi mnafanya nini?"

"Najua aliko. Nimemfunga mimi. Konsolata akishatoka nitasema mwenyewe, nitabeba mwenyewe. Lori likiondoka tu."

"Na hawa watu? Wanakula kwenye nyumba ya kifo!"

"Nitabeba mwenyewe, baba."

Sulle akainua macho. Alimwona Bernadina akicheza bila viatu katikati ya njia, akageuza uso upande wa pili. Halafu akalifungua lile blanketi nyuma ya baiskeli, akaliweka chini nyuma ya miti ya mnyaa, mbali na macho, akasimama pale nje ya boma. Walimwita aingie, akatikisa kichwa. Walimletea pombe, akakataa. Baadhi ya wazee wakaanza kumwangalia mara mbili mbili.

Namshukuru Mungu wazee wa ng'ambo walitokea wakati huo. Walikalishwa, wakanyweshwa, na Ludovika akasimama nyuma yao kabisa na ngoma, anapiga polepole ili uwanja usipoe, huku akiwahimiza rohoni kila neno. Akonaay alianzisha baraka, wengine wakamwitikia. Walimwombea Konsolata mvua na maziwa, mlango usiokosa kuni, watoto wasiougua. Walimwaga maziwa mbele ya miguu yake. Watu wa Getanuwas wakasema, tumetosheka, tumeshiba, tumechezeshwa mpaka magoti yamerudi. Akonaay akasema, basi ni wenu.

Ludovika aliposikia *ni wenu*, hakuiacha ngoma. Bado kidogo, akajiambia. Bado kidogo tu.

Bibi harusi akaagana na watu. Alimkumbatia mama, wakalia wote wawili kama inavyotakiwa. Akaagana na baba mdogo, na shangazi, na majirani. Mwisho akaja kwa dada yake. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kusuka, aliyeambiwa siri ya mimba kabla ya mtu yeyote na kusema tu, "Usilie, tutaona." Konsolata alifungua mikono.

Ludovika akarudi nyuma.

Konsolata akafuata hatua moja. Ludovika akarudi tena nyuma, akashika ngoma mbele yake kwa mikono miwili. Watu waliokuwa karibu wakageuka kuwatazama.

"Dada. Naondoka."

"Nenda salama, mdogo wangu."

"Hata mkono?"

Ludovika akaikaza ngoma. Alikuwa anatazama tumbo la gauni jeupe, mahali ambapo hakujaonekana kitu bado. Alitaka kumshika kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

"Walikuwa wananiambia unanionea wivu," Konsolata akasema taratibu. "Nikawakatalia. Niligombana na watu kwa ajili yako, dada."

"Panda lori," Ludovika akasema.

Mama yao alisikia. Akamjia juu Ludovika, mbele ya wageni, kwa sauti ya chini yenye hasira: "Una roho gani wewe? Mdogo wako! Siku kama hii! Baba yako angekuona angeona haya." Ludovika akainamisha kichwa. Konsolata alipandishwa mbele ya lori, analia sasa kweli, na Nicodemo alimtazama shemeji yake kwa jicho ambalo hakujua kama kijana yule analo. Injini ikawaka. Vijana wa ngano wakaimba nyuma ya lori. Ludovika akaanza kupiga ngoma tena, kwa nguvu, akawaimbisha wanawake wamsindikize, akaimba mpaka sauti ikakwaruza, mpaka lori likashuka bondeni, likatokea upande wa pili likiwa dogo, likapinda na kilima, na vumbi lake likatulia.

Akaivua ngoma shingoni, akaiweka chini.

"Baba amekufa," akasema. "Amekufa leo alfajiri. Nilikuwa naye."

Walidhani wamesikia vibaya. Halafu Sulle akaingia uwanjani na lile blanketi, hakuna aliyedhani tena.

Kuna waliopiga yowe, na kuna waliokimbia kutapika nyuma ya zizi, Mungu ni shahidi. Akonaay pombe ilimtoka kichwani mara moja. Alimsogelea Ludovika mpaka alipokumbuka, akasimama mbali naye. "Umetukalisha kwenye kifo," akasema. "Umetulisha kwenye kifo cha kaka yangu. Mimi nimetoa baraka hapa! Kwa mdomo huu! Watoto wa watu wamekula hapa! Unajua ulichofanya?"

"Najua, baba."

"Kwa nini?"

Alikuwa na jibu. Lingemtoa lawamani mbele ya nusu ya wale watu, na lingemfuata Konsolata mpaka Getanuwas kabla ya asubuhi. Alinyamaza. Wakamwita mchawi, wakamwita asiye na haya. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga, kama inavyotokwa kwenye nyumba ya msiba, wakikwepa kugusana hata na miti ya boma. Fundi Bura, aliyebaki kukusanya vyombo vyake afuate na lori la kesho, aliviacha palepale, spika likiwa juu ya mti. Sulle aliweka blanketi mlangoni na kuondoka akisukuma baiskeli.

Bernadina hakuwa amepiga yowe. Alikuwa amekaa chini, mavumbini, palepale alipokuwa akicheza, miguu bila viatu mbele yake. Ludovika alikwenda akakaa karibu. Hawakuwa na sababu tena ya kukaa mbali mmoja na mwenzake. Walikuwa wa nyumba moja, na nyumba ilikuwa imefungwa.

"Alfajiri?" mama akauliza.

"Alfajiri, mama."

"Kwa hiyo nilikwenda kanisani mjane. Nikapika mjane." Alisema bila kulia, kama anayepanga vyombo. "Na lile neno. Alisema nicheze?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ludovika alikuwa amedanganya tangu mchana na uongo mmoja zaidi usingemlemea, na ungemwachia mama yake kitu cha kushika miezi yote ile. Alifungua mdomo kuusema. Akashindwa.

"Hapana. Hakusema kitu, mama. Nilisema mimi."

Bernadina akaitikia kwa kichwa, taratibu. Alitazama njia lilikopita lori. Baridi ikaanza kushuka kutoka msituni.

"Miezi mitatu," akasema, "au minne?"

Ludovika akamgeukia.

"Unadhani nani alikuwa anamfulia nguo?" mama akasema. "Unadhani mimi sikumwona Kornelia? Nilikuwa nimeolewa hapa. Mimi ndiye niliyekuwa napika kile chakula ulichokuwa unapeleka." Sasa machozi yalikuwa yameanza, yanashuka tu, hakuyafuta. "Mchana kutwa nilikuwa nakaa pale naomba wazee wafike. Hukuniona sichezi? Nilikuwa naogopa. Naomba wafike, naomba mtoto atoke."

"Mama, ningekuambia ungelia. Ungepiga yowe, wangejua."

"Ungeniambia," Bernadina akasema, "ningecheza."

"Mama."

"Ningecheza, Ludovika! Kwa ajili ya yule mtoto ningecheza juu ya kaburi lenyewe. Nilikuwa namwita jina lake, unakumbuka? Namwita kama mtu aliye hai, nacheka. Nilimcheka. Ungeniambia, ningecheza vilevile mpaka lori liondoke, na hakuna ambaye angejua. Lakini ningecheza nikimuaga mume wangu."

Ludovika alinyoosha mkono kumshika. Mama yake aliuangalia ule mkono muda mrefu, halafu akainuka peke yake, akaokota viatu vyake, akaingia ndani.